Swila wa Kukhu na Swila wa Shosho

Juzi Jumapili nilikuwa nimekaa sebuleni, miguu juu ya stuli, chai ikipoa, simu ilipoanza kulia mfululizo. Kilikuwa kile kikundi chetu cha watoto wa Makongeni, sisi tuliokulia kwenye nyumba za reli na sasa tumetawanyika, huyu Kariobangi, yule Dandora, wengine ughaibuni wakitutumia picha za theluji ambazo hakuna aliyeziomba. Mmoja wetu, ambaye bado anaishi mtaani, alikuwa ametuma picha ya nyoka mweusi aliyeinua shingo mbele ya rundo la matofali. "Wasee, chekini hii kitu imepatikana huku nyuma ya reli asubuhi," aliandika.

Unawajua watu wetu. Kabla sijapata miwani yangu, kesi ilikuwa imeshaamuliwa. "Hiyo ni koboko, hameni mtaa." "Zii, hiyo ni nyoka ya maji tu, haina noma." "Wewe utajua nyoka aje na ulikuwa unatoroka mjusi?" Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili. Nikatazama mdomo, kisha koo, kisha ule mkanda mwekundu chini ya shingo. Nikaandika: "Ni swila, tena yule anayetema. Msimkaribie, msimtazame usoni, iteni mtu anayejua kuwashika." Mmoja akauliza, "Na wewe umejuaje?"

Nilicheka peke yangu hadi mume wangu akachungulia kutoka jikoni kuona kama niko sawa. Kuandika jibu la swali hilo kwa kidole gumba kungenimalizia Jumapili yote, kwa hivyo acha nikusimulie wewe.

Makongeni yetu ilikuwa mistari ya nyumba za wafanyakazi wa reli, kila familia na chumba chake, pazia katikati, wazazi upande huu na watoto upande ule. Baba alikuwa fundi kwenye karakana. Alitoka asubuhi na ovaroli safi, akarudi jioni ananuka grisi, na mpaka nilipokuwa mkubwa nilidhani hiyo ndiyo harufu ya akina baba wote duniani. Mbele ya nyumba kulikuwa na mfereji mmoja wa kuchotea maji wa mstari mzima. Nyuma kulikuwa na vibanda vya mabati tulivyoviita stoo, kila stoo ya nyumba mbili, vya kuwekea makaa na kuku wanaoatamia. Nyuma ya stoo ulikuwa ua wa kayaba, miiba mirefu na matunda ya manjano machachu tuliyoyala hadi meno yakafa ganzi. Ng'ambo ya kayaba zilikuwa nyasi, na ndani ya nyasi yalirundikwa mataruma ya zamani ya mbao, yale yaliyong'olewa chini ya reli, na halafu ndiyo reli yenyewe. Gari la moshi la jioni likipita, sufuria zilitetemeka kwenye rafu na mazungumzo yote yakasimama, kisha yakaendelea pale pale yalipokatika.

Ukisikia mtu anasema mjini hakuna nyoka, jua hajawahi kuishi karibu na mataruma. Penye unga na kuku kuna panya, na penye panya utaletewa mgeni ambaye hukumwalika. Wengi walikuwa wadogo, wasio na neno na mtu. Lakini mara moja moja aliuawa mweusi, mnene kama mkono wa mtoto, na siku hiyo hakuna aliyekwenda chooni peke yake.

Katika chumba chetu aliishi kukhu, kwani hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya huko kwetu magharibi. Alikuja baada ya babu kufariki, eti apumzike kwa mwanawe, lakini sikumwona akipumzika hata siku moja. Alifuga kuku, alichambua mboga za mstari mzima, na alifuma vitambaa vyeupe vya kufunika viti. Hakukuwa na nyumba mstari ule isiyokuwa na kitambaa cha kukhu. Na alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, tena alipenda kufanya hivyo ukiwa unamtazama. Wanawake vijana walimletea sindano zao awatungie, naye akiwacheka, "Macho yenu mmeyapeleka wapi?" Macho yake ndiyo yaliyokuwa fahari yake. Wengine hujivunia mashamba.

Mlango wa pili aliishi shosho, nyanya wa watoto wa jirani, mwenyeji wa Kirinyaga upande wa chini, kule kwenye joto na mashamba ya mpunga. Hawa wawili walikuwa na benchi moja chini ya dirisha letu, na waliitana "jirani" tu, hakuna jina. Shosho akipika mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, kukhu alisema huo ni ugali uliopotea njia. Kukhu akipika mrenda, shosho alisema utakuteleza hadi tumboni kabla hujajua kama umekula. Kisha kila mmoja alichukua sahani ya mwenzake akaila hadi akaifuta kwa kidole. Sisi watoto tulikaa miguuni pao tukimenya viazi na kupukuchua maharagwe, redio ya kioski ikiimba kwa mbali, harufu ya jiko na vitunguu imetuzunguka, na sijui kama nimewahi tena kushiba kama nilivyoshiba kwenye benchi lile.

Kitu kimoja tu hawakukubaliana hata kwa mzaha, nacho ni swila.

Kukhu alizaliwa kandokando ya msitu. Swila wa kwao alikuwa mweusi wa kung'aa, akipita karibu na maji, na akikuuma hufiki barabarani. Dawa yake, alisema kukhu, ni kutulia. "Simama kama nguzo. Mtazame, akuone huna neno naye. Atashusha shingo aende zake." Yeye mwenyewe alifanya hivyo akiwa msichana, mzigo wa kuni kichwani, na nyoka akaenda zake. Hadithi hiyo tuliijua kwa moyo, mpaka jina la kijito.

Shosho alisema huo ni wazimu mtupu. Swila wa kwao aliishi kwenye mawe na vichuguu, na silaha yake ilikuwa mate. Hukusubiri akuone. Ulificha uso, ukageuka, ukaondoka. Kwao, alisema, mtoto alifundishwa kuinamisha uso kabla hajafundishwa kusalimia. Kwa hivyo shosho hakuwahi kufungua mlango wa stoo kama watu wengine. Kwanza aligonga bati kwa fimbo. Akangoja. Kisha akafungua kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika ungo mbele ya uso, ule ungo wake wa kupepetea mchele. Akachungulia kwa pembeni, akachota makaa, akatoka kinyumenyume na ungo wake.

Tulicheka, bwana. Kukhu ndiye aliyecheka kuliko wote. "Jirani anaingia stoo kama bibi harusi!" Naye shosho, bila kukasirika, alimjibu, "Cheka tu. Yale mate hayaulizi kama unacheka."

Ajabu ni kwamba kila mmoja aliamini mwenzake anatunga. Kukhu alisema nyoka wa kutema mate ni hadithi ya kutishia watoto wasile sukari. Shosho alisema mtu anayemtumbulia swila macho na bado anaona basi hakukutana na swila, alikutana na mkanda wa suruali. Watoto tuligawanyika kama mashabiki wa mpira, na mimi nilikuwa upande wa kukhu, maana damu ni damu. Hakuna aliyewaza kwamba huenda wanazungumza juu ya nyoka wawili. Weusi wote, wote wanainua shingo na kuitandaza, na wote wanaitwa swila. Ungewaza nini?

Basi ilikuwa Jumamosi, katikati ya kiangazi. Mfereji ulikuwa umekauka tangu mwanzo wa wiki na maji yalikuwa yanalindwa. Kila nyumba ilikuwa na mitungi yake chini ya kitanda, na mama wa nyumba ya kona, ambaye sote tulimwita mama wa kona, alikuwa na pipa la bluu lililofungwa kwa kufuli, ufunguo ukining'inia shingoni mwake kwa kamba. Tulimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma nikisugua viatu vya shule kwa maji yaliyokwisha kufua soksi, na kabla ya soksi yalifua shati.

Kukhu akatoka na karai kwenda kuchota makaa ya kupikia maharagwe. Kuku aliyekuwa akiatamia ndani ya stoo alikuwa anapiga kelele ya ajabu, kukhu akadhani ni panya tena. Akafungua mlango wazi, hivi hivi, kama alivyofungua siku zote. Kando ya kikapu cha kuku nikaona kitu cheusi kikiinuka na kutandaza shingo.

Kukhu hakurudi nyuma. Alisimama wima, karai mkononi, akamtazama nyoka yule machoni. Akaniambia bila kugeuka, kwa sauti ya chini, "Usisogee, mjukuu wangu. Ataenda." Nilijisikia fahari, nikuambie ukweli. Nilijua naangalia ile hadithi ya kuni ikitokea mbele yangu. Kisha nyoka akafungua mdomo kidogo tu. Sikuona kitu kikiruka. Niliona karai linaanguka, na kukhu akijishika uso kwa mikono yote miwili.

"Yaye," alisema. Halafu, "Jirani! Amenitemea! Jirani, amenitemea!" Katika sauti ile kulikuwa na maumivu, lakini mshangao ulikuwa mwingi zaidi.

Shosho alitoka mbio, mikono imejaa unga. Alimvuta kukhu mbali na stoo, akaufunga mlango kwa teke, akamkalisha chini kando ya benchi na kumlaza kichwa kwenye mapaja yake. Macho ya kukhu yalikuwa yamefumba kwa nguvu, na kope zilikuwa zinavimba tukiziona. Watu wakajaa. Unajua mtaa, kila mtu ni daktari. Kijana mekanika wa nyumba ya tatu akaja na kamba. "Shosho, tumfunge mguu sumu isipande?"

"Sumu iko machoni," shosho akasema. "Utamfunga wapi, shingoni?"

Mwingine akataja mafuta ya taa. Mama aliyekuwa ananyonyesha alianza kufungua vifungo ili amkamulie maziwa. Shosho alifukuza kila dawa. "Nataka maji! Maji mengi! Na wewe jirani usisugue, ukisugua umejipofusha mwenyewe. Toa mikono. Fungua."

"Yanaungua!"

"Najua yanaungua. Fungua."

Nilikimbia nikaleta mtungi wetu, uliokuwa nusu. Shosho alizishika kope za kukhu kwa vidole vyake vya unga, akazifungua kwa nguvu, jicho moja kisha jingine, na mimi nikamimina kwa jagi, polepole, kutoka upande wa pua kwenda nje kama alivyonielekeza. Kukhu alikuwa akilia kama mtoto na kunishika kifundo cha mguu. Yale macho sikuyatambua. Yalikuwa mekundu, na mboni zimefunikwa na utando. Nikawaza, hataona tena. Nikawaza hivyo waziwazi, nikiwa na jagi mkononi, nikaendelea kumimina.

Mtungi ukaisha. Shosho akaleta wake, ukaisha pia. Akainua uso, akatazama watu wote waliosimama pale. "Hayajatosha," alisema. "Bado. Nani ana maji?"

Hakuna aliyesogea. Usiwalaumu. Kila mwanamke pale alikuwa anahesabu moyoni uji wa mtoto na chai ya mume, na hakuna aliyejua mfereji ungerudi lini. Aliyeondoka wa kwanza alikuwa mama wa kona. Tulimwona akienda mbio na kanga yake ikimponyoka, akapiga magoti mbele ya pipa, akahangaika na ufunguo. Ufunguo ukakataa kuingia. Akamgeukia mekanika, akapaza sauti, "Unaangalia nini? Vunja!"

Akavunja, kwa pigo moja la nyundo. Na kufuli lile lilipoanguka mtaa wote ukafunguka. Ilikuja mitungi, ndoo, birika, yakaja hata maji yaliyochemshwa na kupoa ya kumkorogea mtoto maziwa. Wanaume walibeba, wanawake walipokezana jagi, watoto tulipeleka vyombo vitupu na kuleta vilivyojaa. Maji yalitiririka usoni kwa kukhu, yakalowesha mapaja ya shosho, yakapita chini ya benchi na kufanya tope jekundu mahali ambapo hatukuwa tumeona tope kwa muda mrefu. Nimeona mambo mengi mazuri tangu siku ile. Sijaona linalolipita lile.

Baba alipofika walimpeleka kwenye zahanati kwa pikapu ya jirani mmoja, shosho akiwa nyuma naye, nguo zote zimelowa. Daktari alisema waliomwosha walifanya kazi kubwa, ila sumu imechubua macho yote mawili, na yeye hawezi kuahidi. Alimpaka dawa, akayafunga kwa bandeji, akasema tungoje. Kukhu alirudi ameshikwa mkono, akipapasa ukuta wa nyumba aliyoifagia kila asubuhi. Nilimkalisha kwenye benchi. Akaniambia kwa sauti ndogo, wengine wasisikie, "Nikibaki hivi, nitafanya nini siku nzima?" Niliogopa sana jioni ile.

Vijana walikuwa wameshamuua nyoka kwa miti mirefu, wamemlaza juu ya bati, na shosho alikuwa ameamuru kichwa kikandamizwe kwa jiwe kwa sababu hata kikifa kinaweza kuuma. Kukhu, na bandeji zake, akageuza uso upande wa shosho.

"Jirani, bado yupo?"

"Yupo hapa mbele yetu."

"Anang'aa?"

Shosho akainama. "Hang'ai. Mweusi wa vumbi tu, kama makaa."

"Mdomo wake, pembeni, hauna mistari? Mweupe, mweusi, mweupe, mweusi?"

"Mweusi wote."

"Mgeuze. Tumbo ni la manjano?"

Shosho akamgeuza kwa fimbo, na sisi watoto tukarudi nyuma. "Tumbo ni jeusi jeusi, kijivu. Koo jeusi pia. Na chini ya koo kuna mkanda mwekundu."

Kukhu aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Basi huyo si wetu," alisema. "Wetu anang'aa kama amepakwa mafuta, tumbo la manjano lenye mabaka meusi, na mdomo wa mistari. Na hatemi, nakuapia. Huyo ni wako."

"Ndiye!" shosho akasema. "Si nimekuambia kila siku?"

"Uliniambia swila. Swila niliyemjua ni mmoja."

"Hata mimi nilimjua mmoja." Shosho akakaa kwenye benchi kando yake, taratibu, magoti yakilia. "Kwa hivyo yule wako wa kuni ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nisamehe basi. Nimekuita mwongo siku nyingi."

"Na mimi nimekuita bibi harusi," kukhu akasema, na akanyoosha mkono hewani hadi akaupata wa mwenzake.

Siku za bandeji zilikuwa ndefu, lakini kukhu hakukaa peke yake hata dakika. Shosho alimlisha uji kwa kijiko akimgombeza kwamba anamwaga. Mama wa kona alikuja kila asubuhi akasimama mlangoni bila kusema mengi, akaacha kikombe cha maziwa akaondoka. Na wale wazee wawili, kwa kuwa sasa walikuwa wamepata somo la kufundisha, walitufundisha mpaka tukachoka. Tulichora nyoka kwa vipande vya makaa kwenye ukuta wa stoo, huyu na mistari mdomoni, huyu na mkanda wa koo. Ukikutana na wa kukhu, rudi nyuma polepole, mpe njia, na akikuuma ni hospitali bila kungoja hata kama huoni maumivu, kwa sababu sumu yake inalaza mwili, kope zinaanza kuanguka, kisha pumzi inakatika. Ukikutana na wa shosho, ficha uso, geuka, nenda mbali kuliko unavyodhani inatosha, na akikupata machoni ni maji, maji, maji, ndipo hospitali. Huyo naye anauma, usijidanganye, na akiuma nyama inaoza. Na kama humjui ni yupi? Hapo wote wawili walijibu kwa pamoja: "Mchukulie ni wote wawili." Ficha uso na urudi nyuma. Kuanzia siku hizo hakuna mtoto wa mstari wetu aliyeingia stoo bila kugonga bati na kujikinga kwa kitu, ungo, sinia, kifuniko cha sufuria, hata daftari la hesabu. Na hakuna aliyecheka.

Siku ya kufungua bandeji tulikwenda zahanati watatu, kukhu, shosho na mimi wa kushika mkoba. Mama alikuwa amenifunga utepe mpya kana kwamba tunakwenda harusini. Muuguzi alizungusha kile kitambaa taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, na shosho akawa ameinama mbele ya kukhu kabisa, uso kwa uso, hapumui. Kukhu akapepesa. Akafinya macho, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Akainua kidole, akakipeleka polepole mpaka kikagusa kidevu cha shosho.

"Jirani," akasema, "kumbe una ndevu."

Shosho alicheka hadi akatafuta kiti. Muuguzi alicheka, mzee aliyekuwa kwenye foleni nje alicheka bila kujua kwa nini. Mimi ndimi niliyelia, nikalia na utepe wangu mpya, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Jicho la kushoto lilibaki na ukungu kidogo maisha yake yote, na tangu hapo alihitaji miwani kutunga uzi, jambo aliloliona kuwa tusi. Lakini alifuma. Kitambaa cha kwanza alichomaliza kilikuwa kikubwa, cha duara, na alikipeleka nyumba ya kona kufunika pipa la maji. Usinielewe vibaya, kufuli jipya lilinunuliwa upesi, maana mama wa kona alikuwa mama wa kona. Ila ufunguo wa pili ulining'inia nyumbani kwetu, kwenye msumari juu ya kitanda cha kukhu, na haukuwahi kudaiwa.

Nilipita mtaani mwaka jana. Stoo hazipo, kayaba ilikatwa ukajengwa ukuta, na mahali pa benchi letu pamesimama gari la mtu nisiyemjua. Mataruma siku hizi ni ya saruji. Mahali ninapoishi sasa ni ghorofa nzuri, tangi juu, maji ya moto na baridi, na jirani yangu namjua kwa rangi ya gari lake. Sina ubaya naye. Lakini nikiosha uso asubuhi, maji yakinijaa viganjani bila kuombwa, huwa najiuliza ni nani angekuja mbio kunishika kope nikipiga kelele. Mimi nilizaliwa mahali ambapo swali hilo halikuwa na haja ya kuulizwa. Nashukuru. Kila mtungi wa siku ile nauona bado, na ningeweza kukuambia ulitoka mlango gani.

Shosho ndiye aliyetangulia. Walimzika kwao, chini kule kwenye mpunga, na kukhu, ambaye wakati huo alikuwa akitembea kwa mkongojo, alisema atakwenda hata kama ni kwa kubebwa. Nilimshika mkono tukasimama karibu kabisa na kaburi. Jeneza lilipoanza kushuka, mmoja wa binti za shosho alimwinamia akamwambia kwa upole, "Nyanya, usiangalie hii. Geuka huku kidogo, ufunge macho."

Kukhu akatikisa kichwa, machozi yakimtoka macho yote mawili. "Ni yeye aliyeyashika haya macho yasifumbe," alisema. "Leo nitayafumbaje?"

Akatazama hadi udongo uliposawazishwa.